Kumi kwa Kumi

Shangazi Mwasiti kashika daftari la Raya la darasa la pili,
anaandika kwenye kurasa za nyuma:
Mama Zuwena wa genge, elfu tano.
Msikiti wa Tandika, elfu themanini na mia sita,
na hiyo mia sita kaiandika kwa kalamu nyekundu
isije ikadhulumiwa.

Paka kahamia kwa jirani tangu Alhamisi.
Mapazia chini. Zulia nje.
Hamdun anapaka rangi chumba,
mume ambaye kwa miaka kumi na moja
ukuta huu aliuahidi Jumamosi.
Jumamosi imefika, na harufu yake inaniumiza kichwa.

Kachumbari, marufuku. Tunda lililomenywa na mkono wa barabarani, marufuku.
Maji yachemke, na yakishachemka yaogopwe.
Jino langu bovu, tuliyevumiliana tangu nijifungue,
waliling'oa Upanga juzi:
daktari hataki mdudu hata mmoja ajifiche
siku watakayozima taa za nyumba nzima,

maana ndivyo alivyonieleza, akichora juu ya bahasha:
tunaufuta uboho wako, wote,
halafu tunapanda mbegu za mwenzio,
halafu tunangoja zichipue.
Siku ngapi? nikauliza.
Akaandika kumi na nne,
akafikiri, akaongeza kiulizo.

Tulipimwa sote wa tumbo moja.
Kibwana, aliyekuja na mkate wa kumimina: hapana.
Tatu, anayenipigia simu kila alfajiri: nusu.
Akabaki Shomvi.
Shomvi wa kiwanja cha Chanika,
Shomvi wa barua ya wakili,
miaka minne hatujapeana hata pole ya mafua.

Nimefundishwa, nami nimewafundisha watoto wa watu:
undugu ni kufaana, si kufanana.
Maabara haijui methali.
Ilitaka kufanana, alama kwa alama,
ikawapita wote wanaonifaa
ikaenda kusimama mlangoni kwake.
Kumi kwa kumi.

Alikuja saa mbili usiku, shati limemganda mgongoni.
Hakukaa. Aliuliza ndoo ya kunawia iko wapi,
akanawa hadi viwikoni kama aendaye kuosha maiti,
akaliona alilolifanya, akacheka peke yake.
"Watanidunga siku tano," akasema.
"Eti mifupa itauma kama nimeshusha lori la saruji."
Nikasema, pole.
Ilitoka na kutu.

Chanika hatukuitaja.
Kitu kile hakifi kwa sindano.
Kimekaa nje na vigingi vyake vya mipaka,
kinaningoja nipone.
Na mimi, Mungu anisamehe,
natamani sana kupona nikagombane.

Leo Raya kaninyoa.
Ananyoa kama anavyokula hindi la kuchoma,
anaanza safu, anaiacha, anahamia nyingine.
Kichwa kimebaki na visiwa.
"Damu ya mjomba ikiingia," akauliza,
"utaanza kukoroma kama yeye?"
Nikamwambia kundi ndilo litakalobadilika,
mimi ni O, yeye ni B, nitakuwa B.
Hamdun, brashi mkononi:
"Basi nitakuwa nimeoa ukoo mzima."
Shangazi akacheka hadi kalamu ikaanguka,
kisha akanyamaza ghafla,
akageukia ukutani kana kwamba rangi imemvutia.

Begi liko tayari.
Kanga mbili zilizopigwa pasi ndani na nje,
ndala mpya zilizooshwa kwa sabuni mara tatu,
picha ya Raya ndani ya mfuko wa plastiki,
ili nayo ifutwe kwa spiriti.
Kesho saa moja asubuhi.

Silali. Namfikiria mama.
Aliniita Sikudhani
kwa kuwa alijua kwamba uzazi umeshafunga.
Baada ya miezi kumi na tisa akamleta Shomvi,
na jina la mshangao
alikuwa keshalitumia.